Utamu wa Kuukumbuka Uwanja

Wako watu katika sharika zetu za Sumbawanga ambao ukiwauliza habari za kipaimara chao watakujibu kwa sentensi moja, lakini ukiwauliza habari za mechi za ligi ya mkoa katika uwanja wa Nelson Mandela utakaa nao mpaka chai ipoe. Ni washarika wazuri, wanaotoa zaka na kuzika majirani zao. Hata hivyo swali lao limekuwa likijitokeza katika ibada za nyumba kwa nyumba, mara nyingine kwa utani na mara nyingine kwa ukali: utamu huu wa kukumbuka uwanja ni kitu gani mbele za Mungu? Je, ni shukrani, ni upuuzi tu, au ni moyo ulioshikamana na kitu kingine?

Tuanze na kile kinachokumbukwa. Ligi hizo za chini hazikuwa na sifa ya kufika mbali. Timu zilikuwa za idara, za mitaa, za shule, za miji ya barabarani kama Laela na Mpui. Kabla ya lami ya Tunduma hadi Sumbawanga, safari ya zaidi ya kilomita 220, timu ngeni ya masika ilifika imejaa matope, na mashabiki waliingoja hata kama saa ya kuanza ilikuwa imekwisha kupita. Asiyekuwa na kiingilio alichungulia juu ya ukuta, au alivumilia mpaka dakika za mwisho geti likifunguliwa. Palikuwa na karanga, miwa na mahindi ya kuchoma. Palikuwa na mzee mwenye redio ndogo sikioni, akisikiliza Radio Tanzania ikitangaza mechi ya Dar es Salaam, hata akawa anaangalia mpira mmoja kwa macho na mwingine kwa sikio, na akipiga kelele hakuna aliyejua anashangilia upi. Na palikuwa na baridi. Mtu wa pwani hawezi kuelewa baridi ya Ufipa ya mwezi wa sita na wa saba, upepo ukishuka kutoka milima ya Mbizi na jua likiwaka bila kumpa mtu joto.

Ukimsikiliza vizuri anayesimulia, utaona kwamba matokeo ya mechi hayakumbuki sana. Anakumbuka nani alikaa pembeni yake. Jambo hili kwetu Walutheri lina uzito wa pekee. Ufipa ni nchi iliyoinjilishwa na wamisionari Wakatoliki kabla yetu, na sisi tuko wachache mpaka leo. Kwa miaka mingi mahali ambapo Mkatoliki, Mmoraviani, Mlutheri na Mwislamu walikaa bega kwa bega bila mtu kuuliza mwenzake anasali wapi palikuwa pawili: msibani na uwanjani. Msibani tulikutana tukiwa tumeumizwa. Uwanjani tulikutana kwa sababu tu ilikuwa Jumamosi. Anayekumbuka hayo kwa furaha hakumbuki upuuzi.

Augustino, askofu wa Hippo, katika kitabu cha kumi cha Maungamo yake anashangaa kwamba mtu anaweza kuikumbuka huzuni ya zamani akiwa na furaha, na kuikumbuka furaha ya zamani akiwa na huzuni. Kumbukumbu haihifadhi jambo kama ghala linavyohifadhi mahindi, kwamba utatoa gunia lile lile uliloweka. Ndiyo maana baridi iliyotutesa wakati ule leo inasimuliwa kama zawadi. Hapa tunaanza kuhisi hatari, kwa kuwa kitu kinachoweza kugeuza mateso kuwa utamu kinaweza pia kugeuza uovu kuwa utamu.

Biblia inaijua hatari hiyo. Katika Hesabu sura ya 11 Waisraeli jangwani wanakumbuka chakula cha Misri. Wanakumbuka samaki, matango, matikiti na vitunguu, na wanasema waliyapata bure. Bure! Watu waliofinyanga matofali chini ya fimbo ya msimamizi wanasema walikula bure. Hawakusema uongo juu ya matango, maana matango yalikuwepo. Walichofanya ni kuliacha nje jambo moja tu, nalo lilikuwa jambo lenyewe.

Basi tuulize ni nini kinachoachwa nje tunapousimulia uwanja wetu. Waamuzi waliokimbizwa mpaka kituo cha polisi wameachwa nje. Fedha ya daftari za watoto iliyoishia kwenye kiingilio, na baada ya kiingilio ikaishia kilabuni, haisimuliwi. Ndumba zimeachwa nje, au zinasimuliwa kwa kicheko: yai lililofukiwa golini, timu iliyoruka ukuta kwa kukwepa geti. Katika mji ambao jina lake wengi hulieleza kuwa ni wito wa kuutupa uchawi, tulilipa watu ili wauingize uwanjani. Na zaidi ya yote, wanawake wameachwa nje. Waulize kina mama wa usharika wa umri ule ule watakuambia nini kuhusu Jumamosi hizo. Walikuwa shambani wakivuna ulezi na maharage, au walikuwa getini na beseni la karanga, wakisikia kelele za goli ambalo hawakuliona. Kwa wengine wao, matokeo ya mechi yalijulikana jioni kwa namna mume alivyoufungua mlango.

Wapo wachungaji ambao wakifika hapa wangefunga hesabu na kusema uwanja ni mahali pa dunia, tuusahau. Hatukubaliani nao. Katika Torati hiyo hiyo kuna kitabu kizima ambacho sisi wasema Kiswahili tunakiita Kumbukumbu, na humo Mungu anaagiza watu wake wakumbuke Misri. Anaagiza wakumbuke kwamba walikuwa watumwa (Kumbukumbu la Torati 5:15), na kwa sababu hiyo wampe mtumwa wao, mjakazi wao na hata ng'ombe wao siku ya kupumzika. Tofauti na kumbukumbu ya jangwani ni kwamba hii inarudisha fimbo ndani ya hadithi, na ikisharudisha fimbo inamgusa mtu mwingine aliye chini yetu leo. Tukiusimulia uwanja huku mama mwenye beseni la karanga akiwemo, na tukamwachia naye asimulie, hapo tumekumbuka kama tulivyoagizwa.

Kuna jambo la pili ambalo ni gumu zaidi. Msimu wa 2020/21 timu ya Tanzania Prisons, ambayo ni ya Jeshi la Magereza na nyumbani kwake ni Mbeya, ililetwa kuchezea mechi zake za nyumbani za Ligi Kuu Sumbawanga. (Timu ya magereza katika uwanja wenye jina la mtu aliyefungwa miaka 27, hatujui kama kuna mtu aliyelicheka hilo wakati ule.) Mwezi wa Oktoba 2020 Simba, bingwa mtetezi, alikuja akafungwa 1-0. Watu waliokuwepo bado wanaisimulia siku ile, na watoto wa wakati huo, ambao leo ni vijana wetu wa kwaya, wanaihesabu kuwa ndiyo historia yote ya uwanja.

Tuliangalie hilo bila kuoneana aibu. Kumbukumbu iliyo tamu kuliko zote katika uwanja wetu ni ya timu ya mkoa mwingine iliyokuja kwa muda na kurudi kwao. Na sehemu kubwa ya mashabiki wetu hawakwenda kwa ajili ya Prisons. Walikwenda kuiona Simba, kama walivyokwenda kuiona Yanga, na wengi walivaa jezi za wageni. Timu za mji wetu, zinazocheza ligi ya mkoa siku ya kazi mchana, hutazamwa na ndugu za wachezaji na watoto wanaochunga mbuzi.

Luther, katika Katekisimu Kubwa, anapoieleza amri ya kwanza anafundisha kwamba kile ambacho moyo wako unakitegemea na kukishikilia, hicho ndicho mungu wako hasa. Tumezoea kulitumia fundisho hilo dhidi ya fedha. Tulitumie hapa pia. Moyo wa shabiki unashikilia nini? Akiishikilia timu kwa sababu inashinda, basi hakuipenda timu. Alipenda kuwa upande wa mshindi, na timu ilikuwa njia. Augustino anasimulia katika kitabu cha sita habari za rafiki yake Alipio, aliyekokotwa na wenzake mpaka kwenye uwanja wa mapigano huko Roma. Akafumba macho asione. Umati ukapiga kelele, akayafumbua, na tangu hapo akawa mtu wa kwenda na kuwavuta wengine. Hakutekwa na mchezo. Alitekwa na sauti ya wengi. Tunadhani kijana wa Sumbawanga aliyeikana timu ya mtaa wake akavaa jezi ya Kariakoo ametekwa kwa mlango huo huo, ingawa kosa lake ni dogo sana kuliko kutazama watu wakiuana.

Kwa hiyo yule mzee anayeikumbuka ligi ya mkoa anastahili heshima kuliko tunavyompa. Alikwenda kutazama timu ambayo haikuwa na lolote la kumpa. Haikupanda daraja, na kama ilipanda ilishuka. Alikwenda tena Jumamosi iliyofuata, kwa sababu golikipa alikuwa mtoto wa jirani. Hatutaki kuharakisha kusema kwamba huo ni mfano wa upendo wa Kristo; mahubiri yetu yana mifano mingi ya haraka namna hiyo. Tunasema tu kwamba mtu aliyejifunza kukaa na wanaoshindwa bila kuwaonea haya amejifunza jambo ambalo darasa la kipaimara hupata taabu kulifundisha.

Sasa tuje nyumbani, maana tusingeandika haya yote kwa ajili ya mpira peke yake. Katika sharika zetu kadhaa kunajengwa makanisa mapya. Jengo la zamani, la matofali ya kuchoma na bati lenye kutu, linabomolewa au linageuzwa kuwa darasa la shule ya Jumapili. Na sauti ni zile zile za uwanjani. Wazee wanasema kanisa la zamani lilikuwa na uimbaji, lilikuwa na upendo. Kamati ya ujenzi inasema wazee wanachelewesha kazi. Vijana wanasema hawakuulizwa. Tumewahi kuona harambee ikikwama si kwa kukosa fedha bali kwa sababu watu wawili wazito hawakukubaliana kama madhabahu ya zamani iingie katika jengo jipya.

Ezra sura ya 3 inasimulia siku ya namna hiyo. Msingi wa hekalu jipya ulipowekwa, wazee waliolijua hekalu la kwanza walilia kwa sauti kuu, na wengine walipiga kelele za furaha, hata watu hawakuweza kutenganisha sauti ya kilio na sauti ya shangwe. Tunaona mwandishi hakuwakemea waliolia. Hakuwaambia pia walioshangilia wanyamaze kwa heshima ya wazee. Sauti ziliachwa zichanganyike. Baadaye, kazi iliposimama kwa miaka, ndipo nabii Hagai alipowauliza ni nani aliyebaki ambaye aliiona nyumba ile ya kwanza, na inaonekanaje hii sasa machoni pao. Akakiri kwamba ilionekana si kitu, kisha akawaambia wafanye kazi. Mhubiri naye (7:10) anaonya kwamba kuuliza mbona siku za kale zilikuwa bora hakutoki katika hekima. Hakukataza kuzikumbuka siku za kale. Alikataza swali linalozifanya kuwa fimbo ya kuwapigia walio hai.

Viwanja vingi vya nchi hii, kama CCM Kirumba wa Mwanza na Sokoine wa Mbeya, vinatokana na enzi za chama kimoja, na vyama vingi viliporudi mwaka 1992 vikabaki mikononi mwa CCM. Shabiki hajui hati imeandikwaje. Anasema "uwanja wetu". Kanisani ni hivyo hivyo. Hati ni ya dayosisi, lakini mama aliyebeba maji ya kuchanganyia udongo anasema "kanisa letu", na ana haki ya kulisema hilo mbele ya kamati yoyote.

Kwa hiyo kabla tingatinga halijaja, tunapendekeza jambo moja kwa wazee wa kanisa. Jumapili moja baada ya ibada, washarika wakae ndani ya jengo la zamani, kila mmoja mahali alipozoea kukaa. Waanze kusimulia wanawake, kisha vijana, na wazee wa kiume wasimulie mwisho. Wasimulie pia nani alitengwa pale, nani alikataliwa kuzikwa, na nani alikaa benchi la nyuma miaka mingi kwa sababu hakuwa na viatu. Mwenye kulia alie. Kamati ya ujenzi iwepo yote, na isianze kusoma taarifa ya mapato na matumizi mpaka wa mwisho amemaliza kusema.