Chura wa Kihansi na Macho ya Juu

Ukipita kwa ndege ndogo juu ya ukingo wa Milima ya Udzungwa, bwawa la Kihansi unaweza kulikosa. Ukuta wake una kimo cha mita 25 tu, msitu umeuzunguka. Hapo mto unaingizwa ndani ya mwamba na kushushwa zaidi ya mita 800, hadi kwenye mitambo iliyojengwa chini ya ardhi, yenye uwezo wa megawati 180. Korongo lililokuwa likinguruma sasa linachuruzika.

Chura humwoni kabisa. Ana rangi ya dhahabu, na mkubwa wao hafiki sentimita tatu. Hatagi mayai: anazaa vitoto vilivyokamilika viungo. Makazi yake duniani kote yalikuwa hekta chache zilizoloweshwa na manyunyu ya maporomoko ya korongo hilo. Aligunduliwa 1996, ujenzi ukiwa umeshaanza. Maji yalipochepushwa, manyunyu yakakatika. Yakafungwa mabomba ya kunyunyizia, vyura wakaongezeka, kisha 2003 wakaporomoka, ugonjwa wa kuvu ukitajwa miongoni mwa sababu. Mwaka 2009 chura huyo akatangazwa kuwa ametoweka porini. Kizazi chake kilinusurika kwa sababu vyura 499 walikuwa wamepelekwa New York mwaka 2000.

Mama yangu alikuwa mkunga. Alizalisha miaka mingi kwa mwanga wa kandili, na usiku wa kushona mtu alishika tochi kwa meno. Kwa hiyo sitamwambia yeyote kwamba umeme ni anasa. Ninachokataa ni ile hesabu niliyoisikia hata kwa watu wa dini: chura huku, taifa kule, mjadala umekwisha. Tunasema Mungu yuko juu, halafu tunadhani naye anatazama tunavyotazama sisi dirishani mwa ndege, vikubwa vikionekana na vidogo vikipotea. Mimi nimelelewa kuamini kwamba kwake hakuna umbali. Uchungu wa yule chura anayezaa kwenye majani mabichi anaujua, kama alivyoujua wa wanawake waliomshika mama mkono. Mamlaka tuliyopewa juu ya viumbe ni ya mtunzaji, na mtunzaji huulizwa.

Tangu 2012 vyura wameanza kurudishwa korongoni, na mitambo inaendelea kufua umeme. Kazi ya kuwarudisha ina gharama, na haifai tuwaachie wafadhili. Risiti yangu ya umeme wa LUKU ina tozo ya umeme vijijini (REA) na ya mdhibiti wa nishati (EWURA). Iongezwe ya korongo la Kihansi, nami nitailipa kwa moyo mmoja.