Ujumbe Upi Utangulie?

Tarehe 7 Septemba 2001 Dkt. Jacques Marescaux, akiwa New York, alimpasua mgonjwa aliyelala Strasbourg, Ufaransa, akamtoa mfuko wa nyongo. Mkono wake uliamuru, na mikono ya mtambo ng'ambo ya bahari ikatii. Amri zile zilipita katika waya, kwenye njia iliyotengewa kazi hiyo. Katika mawasiliano yasiyo na waya shida huzidi, kwa kuwa anga ni njia ya wote.

Masharti ya kimataifa ya mtandao wa simu wa kizazi cha tano, yaliyotolewa mwaka 2017, yanataka ujumbe mfupi wa dharura upite katika sehemu moja ya elfu ya sekunde, na katika kila jumbe 100,000 usipotee zaidi ya mmoja. Kwa muda huo hata nuru yenyewe haijafika Mombasa kutoka Nairobi! Tena, asiye na haraka asiposikika hurudia maneno yake; mwenye haraka hana nafasi ya kurudia. Basi ujumbe wake hukingwa tangu mwanzo, pengine kwa kutumwa kwa njia mbili pamoja, nao huchukua nafasi ya wengine.

Wahandisi wamefika mbali zaidi. Mnara ukiwa unampelekea kijana filamu yake, na ujumbe wa dharura ukatokea, waweza kuikata filamu kufumba na kufumbua, ukaupitisha ule wa dharura, kisha ukamrudishia kijana kipande alichokosa. Sioni dhuluma hapo. Foleni ya zahanati humpisha mama aliyebeba mtoto anayezimia, wala hatuhesabu dakika zetu.

Lakini mnara haumwoni mtoto. Huona alama tu iliyotiwa katika ujumbe. Ni nani aitiaye? Ikiwa alama hiyo huuzwa, tajiri atamkatiza maskini kwa ajili ya mchezo, na neno dharura litapoteza maana. Najua minara ina gharama. Mwenye mali na anunue picha safi akipenda. Haki ya kumkatiza mwenzake isiwe bidhaa. Ipimwe kwa madhara ya kuchelewa.

Hata hapo mizani haitulii. Daktari yuko tayari kupasua, na kiwandani msumeno wangojea amri ya kusimama, nayo nafasi ya hewani haiwatoshi wote wawili. Kwa hili wahandisi wana desturi ninayoiheshimu: mtambo usioweza kutimiza ahadi humkataa mwombaji mlangoni, kabla kisu hakijagusa ngozi.