Tumnusuru Vipi Ndugu Anayedhulumu?



Ndugu zetu Waislamu: Bwana Mtume s.a.w. aliwaamrisha sahaba zake wamnusuru ndugu yao, awe ni mwenye kudhulumu au ni mwenye kudhulumiwa. Sahaba wakashangaa. Kumnusuru aliyedhulumiwa walikufahamu. Walakini dhalimu atanusuriwa vipi? Akawabainishia ya kuwa nusura ya dhalimu ni kuuzuia mkono wake usidhulumu.

Twaikumbusha Hadithi hii kwa ajili ya nchi ya Sudan. Huko vita viliwaka tarehe 15 Aprili 2023, katika kumi la mwisho la Ramadhani, siku ambazo Muislamu hutafuta usiku wa cheo. Upande mmoja ni jeshi la serikali chini ya Abdel Fattah al-Burhan. Upande wa pili ni kikosi cha RSF chini ya Mohamed Hamdan Dagalo. Wote wawili husema La ilaha illa Llah, na wote wawili walikuwa washirika katika kuipindua serikali mwaka 2021. Wapiganapo tembo, nyasi ndizo ziumiazo: hata kufika mwaka 2025 watu zaidi ya milioni 12 walikuwa wameng'olewa majumbani mwao. Katika kambi ya Zamzam, Darfur, njaa ilithibitishwa rasmi mwezi wa Agosti 2024. Na mji wa Al-Fashir, baada ya kuzingirwa kwa muda wa mwaka mmoja na nusu, uliingiliwa na RSF mwezi wa Oktoba 2025, na Shirika la Afya Duniani likatoa khabari za kuuawa zaidi ya watu 460, wagonjwa na waliokuwa wakiwauguza, ndani ya hospitali moja.

Sasa na tujiulize kwa insafu. Muislamu akidhulumiwa na asiyekuwa Muislamu, sauti zetu hupanda juu, na ni haki zipande. Lakini Muislamu akidhulumiwa na Muislamu mwenziwe, mbona hunyamaza minbari zetu? Je, damu ya mtu wa Darfur imekuwa nyepesi kwa kuwa aliyeimwaga huswali kama sisi? Katika Sura ya Hujurat Mwenyezi Mungu ametuamrisha, makundi mawili ya Waumini yakipigana, tuyapatanishe. Na moja likiruka mpaka, lizuiwe mpaka lirejee. Kisha suluhu iwe ya uadilifu. Hakutuamrisha kufumba macho.

Kazi hii tuliyoiacha wengine wameishika. Mwezi wa Oktoba 2023 Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa, huko Geneva, liliunda tume ya kuchunguza yaliyotendeka Sudan. Aliyewekwa kuiongoza ni jirani yetu, Jaji Mohamed Chande Othman, aliyekuwa Jaji Mkuu wa Tanzania. Wajumbe hawakupewa ruhusa ya kuingia Sudan. Basi wakawafuata waliokimbia mpaka katika nchi jirani, wakawasikiliza watu 182: walionusurika, jamaa za waliouawa, na walioyaona mambo kwa macho yao. Mwezi wa Septemba 2024 wakatoa ripoti yao: pande zote mbili zimefanya maovu yanayoweza kuhesabiwa ni jinai za vita, na RSF wameongeza jinai dhidi ya ubinadamu, miongoni mwake kuwavunjia wanawake heshima zao. Wakashauri silaha zizuiwe zisiingie Sudan nzima, wala si Darfur peke yake, na kipelekwe kikosi kisichopendelea upande kiwalinde raia. Serikali ya Sudan iliyakataa mashauri hayo.

Akisema mtu: Haya ni mambo ya wasiokuwa Waislamu, yatuhusu nini sisi? Twamjibu: Ikumbuke Hilfu l-Fudhul. Mtu wa Zabid, katika Yemen, alikuja Makka na bidhaa yake, akaiuza kwa bwana mmoja mkubwa wa Kikureshi, naye akamnyima thamani yake. Mgeni hakuwa na kabila la kumtetea, akapanda jabali la Abu Qubais akapiga ukelele. Wakakusanyika watu katika nyumba ya Abdullah bin Judaan, wakaapa kuwa mkono mmoja pamoja na kila aliyedhulumiwa mpaka arejeshewe haki yake. Waliokula kiapo hicho ni watu wa zama za ujahili. Bwana Mtume s.a.w. alikihudhuria naye ni kijana, na baada ya kupewa Utume alisema ya kuwa lau angeitwa kwenye mfano wake katika Uislamu angeitikia. Basi uadilifu hauwi mbaya kwa kuwa umeshikwa na mkono usiokuwa wetu.

Akisema mwingine: Lakini mabaraza hayo hayana nguvu, na wakubwa huyachezea. Hili ni kweli, wala hatulifichi. Mwezi wa Novemba 2024 lililetwa mbele ya Baraza la Usalama azimio la kutaka vita visimame na raia walindwe. Wajumbe 14 kati ya 15 wakalikubali, na Urusi peke yake ikaliangusha kwa kura yake ya turufu. Walakini tazameni na upande wa pili. Mwaka 2005 Baraza hilo hilo liliipeleka kesi ya Darfur katika Mahkama ya Kimataifa ya Jinai, huko The Hague. Mmoja katika wakuu wa Janjawidi, aitwaye Ali Kushayb, alitiwa hatiani mwezi wa Oktoba 2025 kwa makosa 27 aliyoyatenda Darfur miaka ya 2003 na 2004. Miaka ishirini imepita, lakini ushahidi wa wanyonge haukufa. Laiti usingaliandikwa, leo angesema hakuna lililotendeka.

Na hapa pana zingatio kubwa. RSF wa leo asili yao ni hao hao Janjawidi. Dhulma iliyoachwa bila ya kuzuiwa haikulala. Ilivikwa sare, ikapewa mshahara, ikarudi na silaha zilizo kali zaidi. Waliowanyamazia mwaka 2003 walidhani wanaepuka fitina. Kumbe walikuwa wakiilea.

Wala tusiwanyoshee vidole watu wa mbali tu. Omar al-Bashir, aliyekuwa akitakiwa na Mahkama hiyo tangu mwaka 2009, alikuja Nairobi mwezi wa Agosti 2010 akakaa katika viti vya wageni wa heshima, na nchi yetu ni mwanachama wa Mahkama hiyo. Na mwezi wa Februari 2025 RSF na wenzao walikutana Nairobi hiyo hiyo kutia sahihi mkataba wa kuunda serikali yao. Ni nani katika sisi Waislamu wa Kenya aliyeuliza kwa adabu na kwa ushujaa: Mikono hii tunayoipa, imetoka kufanya nini?

Basi yatupasa nini? Kwanza, tuitaje dhulma kwa jina lake, awe ameitenda mwanajeshi wa serikali au mtu wa RSF. Katika Sura ya Nisaa tumeamrishwa kushuhudia kwa uadilifu ijapokuwa juu ya nafsi zetu na jamaa zetu. Pili, tusitembeze khabari wala picha tusiyoijua asili yake. Kwani ushahidi mmoja wa uongo humpa dhalimu njia ya kuukanusha ushahidi wa kweli uliokusanywa kwa machozi. Tatu, tuwataake viongozi wetu, Waislamu kwa wasiokuwa Waislamu, wasiwe wenyeji wa wenye kumwaga damu. Nne, sadaka zetu na dua zetu ziwafikie Wasudani, khasa wale wakimbizi walioko katika nchi yetu; wala asiambiwe mtu: Wewe ni wa kabila gani?

Wahenga husema: Mnyonge hana haki. Uislamu umekuja kuivunja kauli hii. Tukiwaachia wengine kuivunja, na sisi tukakaa barazani tukihesabu aibu zao, tutakuja kuulizwa siku ambayo aliyedhulumiwa hatahitaji tume wala wakili.

Ewe Mola wetu, wahifadhi waja wako wa Sudan, uzuie mikono ya madhalimu, na utujaalie sisi kuwa mashahidi wa haki. Amin.