Nani Ajue Nini

Bwejuu, kwetu Unguja, si kijiji cha mtu kujificha. Maji yakikupwa wanawake wanateremka kwenye mashamba ya mwani, na aliyekaa barazani anajua nani kashuka leo, nani hakushuka, na mara nyingi anajua hata sababu. Ukinunua dukani kitu kisicho cha kawaida yako, habari inafika nyumbani kabla yako. Watu waliokulia hivi wakiambiwa kwamba ubaya wa kununua mtandaoni ni kujulikana, wana haki ya kucheka.

Tena wapo wanaonunua mtandaoni ili wasijulikane. Mwanamke anayetaka kipimo cha mimba, au nguo za ndani ilhali mwenye duka ni mjomba wake, anaagiza kwa muuzaji wa Kariakoo ambaye hatamkuta arusini wala msibani. Pesa zinakwenda kwa simu, mzigo unavuka na boti, daladala ya 324 inaumalizia safari. Kwake simu ni pazia. Anayemwambia amepoteza faragha anampa nusu ya habari: ameitoa kwa mgeni ili aipate kwa jirani, na hesabu hiyo kaipiga mwenyewe.

Hapo ndipo ule usemi wa "mimi sina cha kuficha" unapoishiwa nguvu. Siri huwa siri kwa fulani. Somo anayemfunda bibi arusi anayajua yale ambayo mama mzazi hayaulizi, na hakuna asemaye kwamba bibi arusi kavunjiwa heshima. Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa akili hiyo hiyo: baraza ya nje ni ya yeyote apitaye, ukumbi ni wa mgeni aliyekaribishwa, ghorofani ni kwa wenyewe. Ukizitazama hivyo, faragha ni uwezo wa kuamua nani ajue nini.

Maelezo hayo ni mazuri, na nusura niridhike nayo. Lakini kama faragha ni kuamua tu, basi mwanamke wetu hana la kulalamika, maana programu ya simu aliyoagizia ilimletea kurasa za masharti na yeye akabonyeza "Nakubali". Kaamua. Mbona basi bado ana wasiwasi? Simwoni kuwa mjinga. Naona kuna kitu ambacho somo anacho na programu haina.

Wengi tunalikumbuka daftari la wakala wa pesa za simu: karatasi za mistari, peni imefungwa uzi, safu ya jina, ya namba, ya kiasi na ya sahihi. Ulipoinama kusaini, jicho lilipanda lenyewe mistari ya juu, ukaona nani kapokea kiasi gani asubuhi ile. Kwa kipimo chochote cha usalama lilikuwa balaa. Ila aliyekusoma wewe, na wewe ulimsoma. Na mtu akisoma jina la mwenzake kwa sauti, watu walimgeukia. Tulijuana, na tulijua kwamba tunajuana, na juu ya hilo tukajenga adabu ya kutosema.

Sasa mtazame muuzaji wa mtandaoni aliyeandika chini ya picha ya dera: "Bei njoo inboksi." Umeuliza bei, yeye anauliza uko wapi, namba yako ipi, unataka kwa ajili ya nani. Anaitazama picha yako, na nyumba iliyo nyuma yako, ndipo bei inakuja. Wauzaji wa soko la Darajani nao hutazama viatu vyako, sikatai, lakini uso wao unauona na kibanda cha pili kiko hatua tatu. Anayeficha bei yake ndiye anayetaka kujua kila kitu chako, na sijui kwa nini tumekubali jambo hili kwa wepesi namna hii.

Na huyo ni mtu. Programu ni jambo jingine. Tuseme yule aliyenunua kipimo cha mimba alipata habari njema, akaangalia vitanda vya watoto, kisha mimba ikaharibika. Jirani aliyejua atapita na chungu cha uji, hatataja mtoto. Programu itaendelea kumwonyesha vitanda, tena vimepunguzwa bei. Haina nia mbaya. Inajua alichonunua, ila haijui wakati wa kunyamaza, na kumjua mtu bila kujua wakati wa kunyamaza juu yake ndiko kunakotuumiza, awe mgeni au jirani.

Ikiwa ni hivyo, jeraha kubwa hutokea pale mgeni anapokwenda kusema kwa jirani. Kenya wameliona hili waziwazi. Mwezi Septemba 2023 ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza kampuni ya mikopo ya simu ya Mulla Pride shilingi 2,975,000 kwa jinsi ilivyotumia majina na namba za watu kuwasumbua kwa meseji na simu za kudai. Siku hizo hizo klabu ya Casa Vera ya Nairobi ilitozwa 1,850,000 kwa kutundika picha ya mteja mtandaoni bila idhini yake. Huku kwetu Tanzania Benki Kuu ilizipiga marufuku programu na majukwaa 69 ya mikopo isiyo na leseni mwaka 2024.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, ipo, na Tume yake ipo. Naiunga mkono. Inaweza kulazimisha taarifa ifutwe au isahihishwe, na hilo si dogo. Adabu ya somo haimo ndani yake, wala sidhani ingeandikika.

Unabaki mzigo wenyewe wa yule mwanamke, umeandikwa jina na namba kwa kalamu nene, uko miguuni mwa kondakta wa daladala. Anaweza kuutikisa na kuuliza kwa sauti mna nini ndani, gari zima lisikie. Akifanya hivyo, kabla ya magharibi mama wa mwenye mzigo keshaambiwa.