Kilima Kisicho na Bei

Je, matembezi yasiyoleta faida ni kupoteza wakati? Twauliza hivi kwa ajili ya familia zikaazo katika miji kama Tunduma. Katika mji ule wa mpakani kila kitu hupimwa. Malori yaendayo Zambia hupanga foleni, mizigo hupita mizani, shilingi hubadilishwa kwa kwacha, na mtoto hujua bei ya vitu kabla hajajua kusoma. Hatuulaumu mji huo: biashara ni kazi halali, na jasho lake hulisha nyumba nyingi.

Lakini si mbali sana na hapo, wilayani Mbozi, kipo kilima kidogo kiitwacho Marengi. Hakina sifa ya urefu, nacho kimezungukwa na nchi tulivu ya kahawa na mahindi. Apandaye miinuko ya huko nyuma ya kondoo hujifunza upesi kwenda polepole. Ubavuni mwa kilima hicho kimelala kimondo, pande la chuma lililoanguka kutoka angani, lenye urefu wa mita 3 hivi na uzito unaokadiriwa kuwa tani 16. Wataalamu walikifahamu mwaka 1930. Wenyeji walikuwa wamekifahamu zamani, wala hawakukipigia tarumbeta. Baadhi ya wageni waliofuata walikikata vipande, na makovu yake yaonekana hata leo.

Hapo ndipo tuonapo jibu. Mmoja hupanda kilima ili achukue. Mwingine hupanda ili aone. Wa kwanza hushuka na kipande cha chuma mfukoni. Wa pili hushuka mikono mitupu, lakini amejifunza kwamba kitu chaweza kuwa chema bila kuwa mali yake.

Somo hilo si dogo. Asiyelijua atapima hata watu: binti atamhesabia mahari, kijana atamhesabia mshahara, na babu asiyeweza tena kushika jembe atamwona mzigo. Hapo nyumba imegeuka soko.

Basi, enyi wazazi, watengeeni watoto wenu saa moja isiyo na faida. Kama Marengi ni mbali, tafuteni kilima kingine kilicho karibu. Pandeni nao polepole, simu zikiwa zimezimwa, wala msiwaulize wamepata nini. Wakishuka kimya, msidhani wamerudi bure: kimya kingi kina mshindo mkuu.