Tusishuhudie Yale Ambayo Hatukuyaona



Katika makundi yetu ya Kivu watu wanazungumza sana habari za magonjwa na sindano. Wanazungumza kisimani, sokoni, na hata mlangoni pa kanisa kisha ibada. Mmoja anasema mpox ni ugonjwa uliotungwa ili wakubwa wapate pesa. Mwingine anasema chanjo yake inafunga uzazi. Wa tatu amepokea sauti katika simu, naye anaituma kwa watu ishirini kabla hajaisikiliza hadi mwisho. Hiyo ndiyo radio trottoir, sote tunaijua. Basi tunauliza swali moja: mkristo anayepitisha neno asilojua kama ni kweli, je, amesema uongo?

Wengi watajibu: «Hapana, mimi nimesikia tu, sikulitunga.» Lakini tufikiri vizuri. Mtu akisimama mbele ya mwamuzi na kusema «Fulani ameiba», naye hakuona kitu, hatutamwita shahidi wa kweli, hata kama baadaye itaonekana kwamba fulani aliiba kweli. Kosa lake ni kusema zaidi ya alivyoona. Amri ya Kutoka 20, ile ya mstari wa 16 juu ya ushuhuda wa uongo, inamgusa mtu huyu pia. Anayejua kwamba neno ni la uongo na anayesema kana kwamba anajua, wote wawili wanamdanganya jirani.

Tumtazame kuhani wa Walawi 13. Mtu mwenye alama katika ngozi aliletwa kwake. Kama alama haikuwa wazi, kuhani hakutamka neno upesi. Alimtenga mtu yule siku saba, akamtazama tena, na kama bado hakuona wazi, akangoja siku saba nyingine. Alikuwa na mamlaka ya kusema, na watu walimngojea mlangoni, lakini alinyamaza mpaka aone.

Hapa ndugu mmoja atasema: «Lakini wanganga wenyewe wanabadilisha maneno. Jana walisema hivi, leo wanasema vile. Wakati wa Covid tulisikia Delta mwaka 2021, kabla mwaka haujaisha tukasikia Omicron. Je, wao si waongo?» Swali hili ni la haki, nasi tulijibu kwa kirefu.

Kirusi kinapoingia mwilini kinajinakili mara nyingi sana. Wale kati yetu wanaonakili nyimbo kwa mkono ndani ya daftari wanajua inavyokuwa: hapa herufi inaachwa, pale neno linaongezwa. Makosa mengi hayaleti kitu. Lakini mara moja moja badiliko linakipa kirusi njia ya kupita upesi zaidi, na hapo wanakipa jina jipya. Mpox yenyewe inatufundisha. Mtu wa kwanza kujulikana kuwa nayo alikuwa mtoto mdogo wa Basankusu, katika Equateur, mwaka 1970. Kwa miaka mingi ilitoka hasa kwa wanyama wa porini, ikagusa watu wachache wa nyumba, kisha ikaisha. Aliyesema wakati ule kwamba haiendi mbali alisema alichokiona. Halafu mwaka 1980 ulimwengu ulitangaziwa kwamba ndui imekwisha, na chanjo yake ikaachwa. Wazee wetu bado wana alama yake begani, na chanjo ile iliwalinda kwa sehemu hata na mpox. Sisi wa miaka arobaini na watoto wetu hatuna alama hiyo. Mwaka 2023, huko Kamituga, penye machimbo ya dhahabu, ilionekana aina mpya inayopita toka mtu kwa mtu kwa kugusana karibu na kwa kulala pamoja. Ikafika Bukavu, Goma na nchi jirani, na tarehe 14 Agosti 2024 OMS ikatangaza hatari kwa ulimwengu. Mwezi wa Oktoba chanjo ikaanza Goma. Mwezi wa Septemba 2025 tangazo lile la hatari likaondolewa. Maneno yalibadilika kwa sababu mambo yalibadilika. Kuhani naye alisema jingine siku ya saba, wala hakuwa mwongo.

Ndugu wa pili atasema: «Tumedanganywa mara nyingi, kwa nini tuamini?» Huyu hatumkemei. Mwezi wa Desemba 2018, wakati wa Ebola, uchaguzi uliahirishwa Beni na Butembo, na ugonjwa ukatajwa kama sababu, huku makanisa na masoko yakiwa wazi. Watu wakasema Ebola ni siasa. Mwaka 2019 surua iliua katika nchi yetu watu wengi kuliko Ebola, zaidi ya 6,000, wengi wao watoto, lakini magari mengi tuliyoyaona yalikuwa ya Ebola. Na mwaka 2021 tume iliyoundwa na OMS yenyewe ilisema kwamba baadhi ya watu waliokuja kwa kazi ya Ebola waliwatumia vibaya wanawake wetu. Mwenye kuumizwa ana haki ya kuuliza, ya kudai majibu, hata ya kukawia.

Lakini haki ya kuuliza haitupi haki ya kushuhudia. «Naogopa sindano hii, nielezeni» ni neno la kweli. «Sindano hii inaua» ni ushuhuda, na mwenye kuutoa atadaiwa. Neno lile la kwamba Ebola haipo halikubaki midomoni. Vituo vya wagonjwa vilishambuliwa, na mwezi wa Aprili 2019 mganga mmoja aliuawa Butembo akiwa kazini. Wengine waliwaficha wagonjwa nyumbani, na ugonjwa ukapata wauguzaji. Ugonjwa ule ulipokwisha Juni 2020, watu 2,287 walikuwa wamekufa. Watu zaidi ya 300,000 walikuwa wamepewa chanjo, nayo ilisaidia kuuzuia.

Sasa tuseme na nyumba yetu wenyewe. Kanisa letu linaamini maono na unabii. Kwa hiyo neno letu ni zito kuliko la sokoni. Mama akimwambia jirani «nimesikia», jirani atapima. Mwenye karama akisema «nimeonyeshwa kwamba chanjo ni alama ya mnyama», nani atathubutu kupima? Lakini Paulo katika 1 Wakorintho 14:29 anaagiza manabii wapimwe, na Kumbukumbu la Torati 18 linaonya vikali yule anayesema kwa jina la Bwana neno ambalo Bwana hakumpa. Woga wetu tusiuvike vazi la Roho. Aliyeota ndoto alete kwanza mbele ya wazee, angoje, kama kuhani.

Basi tujiulize mambo matatu kabla ya kufungua kinywa: Nimeliona mimi, au nimelisikia? Aliyeniambia aliliona? Mtoto wa jirani akifa kwa sababu ya neno langu, nitasimama mbele ya mama yake na kulirudia? Kama hatuwezi, tuseme «sijui, twende tuulize kituo cha afya.» «Sijui» haimwondolei shemasi heshima, wala mchungaji.

Ulimi ni mdogo, lakini Yakobo aliufananisha na moto unaochoma msitu. Bwana atusaidie kuulinda. Amina.