Uta na Shabaha



Wako vijana wa pwani yetu, toka Mtwara hata mlango wa Ruvuma, watamanio kujifunza uta wa babu zao, nao wauliza: Je, ni dhambi? Siyo. Ishmaeli alikuwa hodari wa uta, na Mungu hakumwacha (Mwanzo 21).

Lakini angalieni shabaha. Waamuzi 20:16 yataja watupaji wa mawe wasiokosa hata unywele. Na neno la Kiebrania la kukosa shabaha ndilo pia la kutenda dhambi. Basi aingiaye msituni kwa siri pasipo kibali, akiivunja Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2009, hata mshale wake ukimpata paa, yeye mwenyewe amekosa shabaha. Njaa ni kali, kweli. Lakini kwa njaa Esau aliuza urithi wake.

Enyi walimu, wafundisheni vijana kulenga shabaha uwanjani, na kuomba kibali kwanza. Mshale uliokwisha kutoka katika ugwe haurudi. Bali mtu aliyekosa, akitubu, Bwana humrudisha. Amina.